Padi ya Pili

Jumatatu hiyo mashine ya ofisini ilikikataa kidole cha Erastus mara saba.

Ilikuwa mashine ndogo nyeusi, imebandikwa ukutani karibu na mlango, ambapo kila mfanyakazi wa ofisi ile ya kaunti aliweka dole gumba asubuhi ili ijulikane amefika. Erastus aliweka la kulia, akaweka la kushoto. Akalipangusa kwenye shati, akaweka tena. Taa nyekundu ikawaka kila mara.

"Hebu nione," akasema Sammy, mlinzi wa mlangoni. Akamshika mkono, akainama, kisha akauachilia upesi kama mtu aliyeshika konokono gizani. "Bosi, umefanyia nini hii mkono? Haina alama."

Erastus akasogea dirishani penye mwanga. Dole lilikuwa jeupe, laini na limelowa, kama yai lililochemshwa likamenywa. Ile mistari ambayo mtu huzaliwa nayo haikuwepo. Akalinusa. Harufu aliijua, ila ilimchukua muda kuitambua: ilikuwa harufu ya mate yaliyokaukia kwenye mto wa kulalia.

Siku hiyo alisaini kwa kalamu. Hakumwambia mtu mwingine.

Erastus alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alikuwa na wazimu mmoja tu, ambao mkewe aliujua tangu walipokuwa wachumba: alipenda gemu za kale. Si hizi za simu. Alipenda zile mashine za miaka ya tisini zinazopachikwa kaseti juu, ambazo lazima uipulize kaseti kwanza ndipo ikubali kusoma. Alipokuwa mtoto kule Malava hakuwahi kuwa nayo. Alisimama nyuma ya waliokuwa nazo, akingoja zamu ambayo haikufika. Sasa chumba cha nyuma cha nyumba yake ya Lurambi kilikuwa na mashine kumi na moja kwenye rafu, kaseti zaidi ya mia, na televisheni kubwa ya zamani yenye mgongo, kwa sababu, alivyopenda kueleza, gemu hizo ukizitia kwenye skrini bapa zinakosa ladha. Alizipata zikiwa zimekufa. Akazifungua kwa bisibisi, akazisugua kwa mswaki na spiriti, akachomelea nyaya zilizokatika, hadi siku moja zikaimba tena. Binti yao Abigail, mwenye miaka saba, alijua wimbo wa kila moja.

Mashine ya kumi na mbili ilitoka Mumias, wiki mbili kabla ya Jumatatu ile. Abu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akibomoa stoo ya marehemu mjomba wake, akasikia kuwa kuna mtu Kakamega anayetafuta vitu kama hivyo, akampigia simu. Mashine ilikuwa ndani ya gunia. Padi zake mbili, vile vishikio vyenye vitufe ambavyo mchezaji hushika mikononi, zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kitambaa cheusi.

"Beba tu, ndugu yangu," alisema Abu akiwa amesimama mbali. "Sitaki kitu."

Erastus alifurahi mno, hata hakuuliza ni kwa nini.

Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuona uchafu wa namna ile. Padi zote mbili zilikuwa na ukoko wa kahawia, mnene kama ukucha, jasho la mamia ya mikono lililogandamana miaka na miaka. Katikati ya vitufe mlikuwa na mafuta laini ya manjano kama nta ya masikio. Alipofungua mashine yenyewe alikuta kiota cha kucha. Kucha ndogo za watoto, zilizong'atwa kwa meno wala si kukatwa, zimeshikana kwa ute uliokauka. Erastus alicheka. Akamwita Kemunto, mkewe, aje aone.

"Watoto wakikaribia kushindwa wanakulanga kucha," akamwambia. "Hii ilikuwa ya banda la gemu. Fikiria ni watoto wangapi wameishika."

"Sitaki kufikiria," akasema Kemunto.

Alisugua siku mbili. Akaloweka, akakwangua, akapitisha spiriti kila mwanya, hadi plastiki ikawa nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani. Siku ya tatu akapachika kaseti, na mashine ikawaka mara moja, bila hata kupulizwa.

"Ilikuwa ikiningoja," akasema.

Kemunto alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya binafsi mjini. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda, vile vya miguu ya wagonjwa wa sukari ambavyo wenzake walivikimbia. Hakuwa mtu wa kuziba pua. Lakini wiki ya pili baada ya mashine ile kuingia, alikuwa akipita mlango wa chumba cha nyuma akiwa ameshikilia pumzi. Mle ndani mlinuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa ndani ya karai. Akafungua madirisha, akapiga deki kwa dawa, akatoa mkeka akauanika. Harufu ilikuwa palepale, na sasa ilikuwa na joto, kama pumzi ya mtu asiyepiga mswaki anayekusemesha karibu sana.

Kisha akagusa padi ya pili.

Ilikuwa imelazwa mkekani, mbali na ile ya Erastus, na hakuna aliyekuwa ameicheza siku hiyo. Alitaka tu kuiondoa apate kufagia. Ilikuwa vuguvugu. Ilikuwa na utelezi upande wa chini, na alipoinyanyua utelezi wenyewe ukamfuata kidoleni, ukarefuka, ukakatika. Kemunto akaiangusha. Akaenda bafuni akanawa kwa sabuni mara tatu, na hata hivyo jioni, alipomega ugali wa obusuma kula, alisimamisha tonge njiani na kulirudisha sahanini.

"Baba Abi, kile kitu kinatoa majimaji," akamwambia mumewe.

"Ni unyevu. Si unajua mvua ya Kakamega."

"Unyevu haunuki mdomo."

Erastus aliendelea kula. Alikuwa akila kwa kijiko. Siku hizi alikuwa akila kwa kijiko kila kitu, hata kuku wa ingokho, na mikono yake ikimaliza kazi aliificha chini ya meza. Na alikuwa ameanza kurudi nyumbani saa saba mchana, wakati wenzake wakienda kula, ili acheze hata nusu saa. Gemu ilikuwa ya wachezaji wawili. Alisema mashine inacheza upande wa pili yenyewe, tena vizuri, tena haichoki.

Alhamisi, Kemunto alipotoka zamu ya asubuhi, alimkuta Abigail ndani ya chumba kile. Shule ilikuwa imefungwa wiki hiyo, na jirani yao Dinah, aliyekuwa akimwangalia, alidhani mtoto amelala. Abigail alikuwa amepiga magoti mbele ya padi ya pili. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mtoto aliinama, akakusanya mate mdomoni kwa bidii, mashavu yakatuna, akayadondosha polepole juu ya vitufe. Kisha akasubiri. Na Kemunto, akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani, aliona yale mate yakizama kati ya vitufe, yakinywewa, hadi padi ikabaki kavu.

"Abigail!" Sauti ilimtoka kama mnong'ono. "Unafanya nini?"

"Nampea chakula, mama. Amesema ana njaa. Baba alimwoshea chakula chake chote."

"Nani amesema?"

Mtoto akaelekeza kidole. Kemunto akakishika kile kidole kabla hakijafika kilipokuwa kikielekea, akakigeuza. Ncha yake ilikuwa nyeupe. Mistari ilikuwa bado ipo, lakini hafifu, kama maandishi ya penseli yaliyopitishwa raba.

Akambeba hadi kwa Dinah, akamwambia asimwachilie kwa lolote, hata akilia, akarudi nyumbani mbio huku mvua ikianza kumwagika, ile mvua ya alasiri ambayo huja na mawe na kugonga mabati hadi watu wa nyumba moja wasisikizane. Stima ilipotea kabla hajafika mlangoni. Gari la Erastus sasa lilikuwa uani.

Alimkuta mkekani. Televisheni ilikuwa nyeusi, mashine haikuwa na taa, na bado Erastus alikuwa akicheza, ameketi mgongo umepinda na macho yamefumbwa, vidole gumba vikienda juu na chini, na uso wake ulikuwa na tabasamu la mtoto anayenyonya. Mvua ilipopungua kidogo ndipo Kemunto akasikia ile sauti, sauti ya kufyonza, ya ulimi mpana unaopita na kurudi bila haraka, ikitoka kati ya viganja vya mumewe, na akaona waya wa padi ile, waya mweusi wa kawaida, ukivimba na kusinyaa, ukivimba na kusinyaa, kama koo la mtu anayekunywa, na kila ulipovimba padi ya pili iliyokuwa mkekani ilijisogeza kidogo, ikijiburura kuelekea goti lake kwa tumbo, ikiacha nyuma yake njia inayong'aa.

Akamrukia. Akashika padi kwa mikono miwili akavuta, na haikutoka. Akaweka mguu kifuani kwa mumewe akavuta tena, na ikaachia kwa sauti ya mtu anayetoa buti kwenye matope, na pamoja nayo likatoka tabaka la ngozi ya kiganja cha kulia, zima, lenye umbo la mkono, jeupe na lililolowa kama utando wa maziwa. Halikutoa damu. Hilo ndilo lililomfanya Kemunto, ambaye alikuwa amekata nyama iliyooza miguuni pa watu bila kukunja uso, akimbilie dirishani na kutapika nje, mvuani, hadi tumbo likabaki tupu.

"Nirudishie," akasema Erastus nyuma yake, kwa upole kabisa. "Bado hajashiba."

Akamburuta hadi jikoni, akamfunga mikono kwa bendeji. Alipogeuka kuchota maji, Erastus alikuwa amekwisha kurudi chumbani, akajifungia kwa ndani.

Kemunto akatafuta namba ya Abu kwenye simu ya mumewe.

"Asalaam aleikum," akasema Abu.

"Ulitupatia nini?"

Abu akashusha pumzi ndefu.

"Mama, marehemu mjomba alikuwa na banda la gemu hapa Mumias. Watoto wakaacha kuja. Akaenda kwa mtu, huko mbali, akapewa mwenzake wa kumvutia wateja. Jini. Huyo hakutaka damu wala mbuzi. Alitaka jasho na mate ya watoto, hayo tu yanayobaki kwenye padi. Na watoto wakaja, wallahi, wakaja hadi wakasahau kula. Sharti lilikuwa moja: padi zisioshwe kamwe."

"Mume wangu aliziosha. Alisugua siku mbili."

"Ya Rabi," akanong'ona Abu. "Sasa anakula mkono wenyewe."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Niliogopa hataichukua."

"Ulibeba uchafu wenu ukautia katika nyumba yenye mtoto," akasema Kemunto. "Nisikilize. Utaniletea mtu wa kukiondoa, na utakuja naye wewe mwenyewe."

Siku ya pili yake hawakufika, kwa sababu daraja dogo la njiani lilikuwa limejaa maji. Walifika Jumamosi asubuhi. Siku hizo mbili Kemunto alilala mlangoni pa chumba kile, akisikiliza kufyonza, na kila alipomwita mumewe alijibiwa kwa sauti yenye mate mengi kwamba yuko salama.

Abu alikuja na Ustadh Ishaq, mwalimu wa madrasa, mwanamume mfupi wa makamo aliyevaa glavu za kazi. Kabla ya kuingia alizivua akamwonyesha Kemunto viganja vyake. Vilikuwa laini na vinang'aa kama sahani, bila mstari hata mmoja.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Nilikaa kwenye banda lile likizo nzima. Mama yangu alinitoa kwa fimbo. Namjua huyu, binti yangu. Niletee chumvi, jiko lenye moto, na nyundo."

"Mimi ni Msabato, Ustadh. Leo ningekuwa kanisani."

"Mungu anajua uko wapi."

Abu akavunja kitasa. Harufu iliyotoka ikamrudisha nyuma hadi ukutani, akiziba uso kwa kanzu. Ndani, sakafu ilikuwa imelowa ute, na mashine zote kumi na moja za rafuni zilikuwa zikidondosha uzi mmoja mmoja mzito kutoka kwenye midomo ya kaseti. Erastus alikaa katikati. Bendeji zilikuwa zimetafunwa. Alishika padi moja kwa kila mkono, na hapakuonekana tena mahali plastiki ilipoishia na nyama ikaanza.

Ustadh Ishaq akaanza kusoma Aya ya Kursi, taratibu, akimwaga chumvi kuzunguka mkeka. Chumvi ilipogusa ute ikachemka. Kichwa cha Erastus kikainuka, mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nyororo na yenye kulowa, kama mtu anayesema huku amejaza ndizi mdomoni.

"Aliniosha. Akaninyima. Akanipa mikono yake. Ni haki yangu."

"Huna haki hapa," akasema Ishaq. "Toka."

"Hataki nitoke. Muulize."

Ishaq akamgeukia Kemunto, akasema chini kwa chini, "Hilo ni kweli. Hapo ndipo pana shida. Nikimtoa kwa nguvu ataondoka na mikono yote hadi mfupa. Ni lazima mume wako aachilie mwenyewe."

Kemunto akapiga magoti ndani ya ute ule. Ulipenya kwenye sketi yake ya kanisani, vuguvugu, na mwili mzima ukamsisimka, lakini hakuinuka.

"Baba Abi. Achilia."

Macho ya Erastus yakafunguka, na yalikuwa yake. Yalikuwa na machozi.

"Kemu, huyu hachoki na mimi," akasema. "Maisha yangu yote nimekuwa wa kusimama nyuma ya watu. Huyu ananingoja mimi. Unajua kungojewa hivyo kukoje?"

"Abigail anakungojanga kila jioni pale getini."

Erastus akazikaza padi zaidi.

"Anamtemea mate," akasema Kemunto. "Mtoto wako. Anapiga magoti hapa ulipokaa, anamlisha mate yake, na vidole vyake vimeanza kufutika. Wewe ukiisha, Erastus, ni zamu ya nani?"

Uso wa Erastus ukabadilika. Akaviangalia viganja vyake kama anaviona kwa mara ya kwanza, akauona utando wa waridi uliokuwa ukipanda kuelekea kwenye viwiko. Kisha akafungua vidole, kimoja kimoja, huku akilia kwa sauti, na kila kidole kilipobanduka kiliacha kitu nyuma.

Padi zikaanguka. Ishaq akampa Kemunto nyundo, na Kemunto akaipiga mashine ile pigo moja, ikapasuka kama tikiti bovu. Hapakuwa na waya ndani. Palikuwa na ulimi, mfupi, mnene, wa rangi ya ufizi, umejikunja ukajaza kila pembe, na kucha za watoto zimeota juu yake kama nywele. Ulijinyoosha kuelekea mkono wake. Ishaq akaumwagia chumvi yote iliyobaki. Ukasinyaa, ukatoa povu, ukalia kwa sauti za watoto wengi wanaoomba waachwe wacheze kidogo tu, kidogo tu, naye akaubana kwa koleo na kuutia kwenye jiko. Moshi wake ulikuwa mweusi na mtamu, na Dinah aliyekuwa nyumba ya tatu alitoka nje kuuliza ni nani anayechoma mzoga.

Mashine zote zilivunjwa siku hiyo. Erastus mwenyewe aliomba iwe hivyo. Majivu na plastiki vikatupwa ndani ya choo cha shimo, na juu yake Abu akamwaga mifuko miwili ya saruji.

Vidole vya Abigail vilirudi kuwa na mistari baada ya mwezi. Vya Erastus vilipona pia, kwa namna yake. Ngozi ikaota, nyembamba na yenye kung'aa, na madaktari wawili wakamwambia mishipa ya fahamu imekufa. Hakuhisi moto wala baridi. Abigail alipomshika mkono barabarani, ilimbidi aangalie chini ili ajue kama mtoto bado yupo. Kazini walimhamishia dawati lingine, na nyumbani Kemunto alimfunga vifungo vya shati, na taratibu wakaanza tena kucheka wakiwa mezani.

Alasiri moja walikuwa wameketi sebuleni, mvua ikinyesha, chumba cha nyuma kikiwa kimegeuzwa stoo ya mahindi. Kemunto alikuwa ameuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Alifanya hivyo mara nyingi, ingawa alijua kuwa hahisi.

"Mama Abi," akasema Erastus. Alikuwa akitazama ukutani. "Kuna kitu sijakuambia. Si kweli kwamba sihisi kitu. Kuna kimoja nahisi."

"Kipi?"

"Kinapita kutoka hapa kwenye kifundo hadi ncha za vidole. Kisha kinarudi."

Kemunto hakuwa na haja ya kuuliza ni nini.

"Tangu lini?"

"Hakijawahi kuacha."

"Na sasa hivi?"

Erastus akatikisa kichwa kukubali, polepole. Kemunto akainua mkono wake kutoka juu ya mkono wa mumewe, na kati ya viganja vyao viwili ukanyooka uzi mwembamba wa ute, vuguvugu, ukarefuka, na haukukatika.